Mwenye duka asema kitanda si chake. Ninunue?

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, nimeolewa na nina watoto wawili. Mwezi uliopita tulihamia nyumba ya kupanga Muyeye, vyumba viwili na sebule. Tangu tuoane tunalalia kitanda cha mbao nyepesi ambacho kimepigwa misumari mpaka hakina tena pa kupigiwa, na chakula tunakulia mkekani. Mkeka siuonei haya. Lakini watoto wanafanya kazi za shule wakiwa wameinama sakafuni, na mgongo wa yule mkubwa umeanza kunitia wasiwasi. Chama chetu kimenipa zamu yangu, nina shilingi 65,000 mkononi.

Kuna duka upande wa barabara ya Lamu linalouza samani za watu wanaoondoka, wengi wao Waitaliano wanaofunga nyumba zao. Mwenye duka ni mtu mpole. Aliniambia wazi kwamba vitu si vyake. Wenyewe wameviacha kwake kwa mali kauli, na yeye akiuza anakata kamisheni yake. Nimependa kitanda cha samadari chenye matendegu manne marefu yaliyokerezwa na kitakizo cha nakshi upande wa kichwa. Anasema ni mvule, bei 42,000. Mfumbati mmoja, ule ubao wa ubavuni, una rangi nyeupe kuliko mwenziwe, na chini yake sakafuni niliona unga mwembamba, kama ule unaomwagika mtu akisukuma chapati. Nilipomuuliza akasema ni vumbi la msasa.

Ipo pia meza ya kulia na viti sita, 30,000. Inang'aa sana, tena nyepesi, mimi peke yangu nainyanyua upande mmoja. Kona moja imefura. Anasema ni vanishi tu. Kisha akanivuta pembeni akanionyesha kiti cha enzi chenye vipande vyeupe, akaninong'oneza kwamba ni pembe ya ndovu yenyewe, na kwamba nikichukua vyote vitatu atanipa kwa 80,000, salio nilipe mwisho wa mwezi.

Anataka arbuni, pesa za kushikilia mali, ya 10,000 kabla ya Jumamosi, na hairudi. Risiti hajaitaja.

Mume wangu anasema tuachane na mambo ya mitumba, tukachukue kitanda kipya dukani cha kulipa kidogo kidogo. Mama mkwe ndiye mzito zaidi. Kaniambia, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," na hataki kitanda cha watu asiowajua kiingie nyumba ya mwanawe. Sipendi kugombana naye, na kitanda nimekipenda. Nifanyeje?

Mwalimu, Muyeye

JIBU

Marahaba mwanangu. Arbuni usitoe. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo nimelitanguliza kwa kuwa Jumamosi iko karibu.

Mali kauli ni biashara ya zamani. Mtu anampa mwenziwe bidhaa kwa neno la mdomo, ikishauzwa ndipo pesa zinarudi. Ni biashara ya kuaminiana na sina ubaya nayo; watu wengi wa pwani wamesomesha watoto kwayo. Ila ndani yake yumo mtu ambaye mnunuzi hamwoni, naye ni mwenye mali. Wewe umetazama kitanda na umemtazama mwenye duka. Huyo wa tatu hujamuuliza, na ndiye wa kuanza naye.

Nakueleza haya nikiwa niliwahi kuwa huyo wa tatu. Nilipohama Lamu kuja Malindi, kabati la marehemu mama halikuweza kuingia kwenye nyumba niliyopata. Nikaliacha kwa mwenye duka mmoja, tukakubaliana kwa mdomo kwamba likiuzwa nipate 18,000, kinachozidi kiwe chake. Kila nikipita kuuliza naambiwa bado, wateja hawapo. Mwezi wa tano tangu niliache nilialikwa arusi mtaa wa Barani, nikaingia chumbani kusaidia kumvika bibi arusi, nikakuta kabati la mama limesimama ukutani. Nililijua kwa kitasa chake cha shaba na kwa mkwaruzo nilioutia mwenyewe utotoni. Mwenye nyumba alilinunua miezi mitatu nyuma, kalipa pesa zote, na hakujua lolote. Ningemwambia nini? Nilimpongeza kwa kabati zuri, nikatoka nje nikalia. Pesa zangu nilizipata kwa mafungu, baada ya safari zisizo na idadi.

Yule mama wa Barani hakunikosea, na sheria nayo ingemwona hivyo hivyo. Mwenye mali akiipeleka dukani kwa hiari yake iuzwe, nawe ukanunua mchana, dukani, kwa bei ya kueleweka na bila kujua hila yoyote, basi umenunua. Akidhulumiwa, dai lake liko kwa mwenye duka. Ila sheria yetu ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 31, inamtaka pia muuzaji awe na haki ya kuuza. Mali ya wizi haiwi yako hata ukiilipia mara mbili. Na Malindi yetu unaijua. Nyumba nyingi za ufukweni wenyewe huja msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba, masika yakikaribia wanarudi kwao, na nyumba zinabaki mikononi mwa walinzi kwa miezi mingi. Wengi wa walinzi hao ni watu waaminifu, ningewakabidhi funguo zangu. Lakini kitanda kinaweza kutoka katika nyumba ya namna hiyo bila mwenyewe kujua, na siku akirudi anakuja na polisi.

Kwa hiyo, kabla hujainama kutazama tendegu, muulize yule bwana mpole kitanda kililetwa na nani, lini, na kama kuna maandishi baina yao. Jina kamili la mtu si lazima akupe. Akuonyeshe tu karatasi inayosema mali hii imeachwa hapa iuzwe, yenye tarehe na sahihi. Mwenye duka wa kweli anayo, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye kwanza. Kama hana, mwambie mbele yako ampigie simu mwenyewe. Akianza kuzungukazunguka, toka. Vitanda havijaisha Malindi.

Ukiridhika, risiti yako ikitaje kitanda kwa sura yake: samadari, aina ya mbao, matendegu manne ya kukereza, nakshi ya kitakizo. Iwe na bei, tarehe na jina la duka, pamoja na sentensi moja kwamba kinauzwa kwa niaba ya mwenyewe na kwa ridhaa yake. Lipa kwa nambari ya till ya duka ya M-Pesa, usilipe kwenye simu ya mtu. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na imewekewa siku 60 za kuamua. Huko utaulizwa karatasi.

Sasa hiyo arbuni. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi huku pwani, hawakuikubali arbuni inayomezwa mnunuzi akighairi; Wahanbali ndio walioiruhusu. Upande huo kamuulize sheikh wako. Mimi natazama upande wa soko. Mtu anakutaka utoe 10,000 zisizorudi kwa kitu ambacho si chake, hujakikagua na hakina risiti. Ukishazitoa, kila kasoro utakayoiona utaifumbia macho ili pesa zako zisipotee. Kama anahofia mteja mwingine, mwombe akuwekee siku mbili kwa neno. Akikataa, si kitu.

Tuje kwenye kitanda, maana hapo moyo wangu upo nawe. Baba yangu alikuwa seremala Lamu, mtaa wa Langoni, na nilikua nikicheza katika taka za randa. Alikuwa akipewa kitanda akitengeneze, nakshi haitazami kabisa. Anakilaza ubavu na kuanza chini, kwenye vile viungo ambavyo hakuna aliyetarajia vionekane. Fundi aliyekuwa na haraka, haraka yake inaonekana huko. Fanya hivyo nawe. Tazama mfumbati unavyoingia kwenye tendegu. Kama ni ulimi wa mbao ulioingia tunduni ukabanwa, au bolti nene iliyopita katikati, kitanda hicho kitamlaza mjukuu wako. Kama ni vyuma vyembamba na skrubu fupi juu juu, hewa yetu ya chumvi itavila vyuma kabla mbao haijachoka. Bawaba na vitasa vya shaba haviliwi na kutu, ndiyo maana wazee walivilipia. Kisha mwombe mwenye duka aruhusu ulale juu ya chaga, ujigeuze huku na huku. Usione haya. Kitanda kinacholia dukani kitalia nyumbani, na nyumba za kupanga kuta zake unazijua.

Kuhusu mvule, usichukue neno la mtu. Inua kitakizo upande mmoja. Mvule una uzito wa kueleweka. Tafuta mahali pasipopakwa vanishi, kwa kawaida ni chini ya tendegu au nyuma ya kitakizo, ukwaruze kidogo kwa ncha ya kisu. Utakuta rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, na mistari inayoendelea mpaka mwisho wa ubao. Ukikuta ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu na kitu cheupe ndani, umeshajua.

Na ule mfumbati mweupe? Mwanangu, ule unga si wa msasa. Vumbi la msasa hutanda kila mahali, halijikusanyi kilima kidogo chini ya ubao mmoja. Hao ni dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao. Ninavyosoma barua yako, mfumbati wa asili ulivunjika au ulipotea, na mtu akatia wa mwembe au mbao nyingine laini ili kitanda kiuzike. Mwembe ukikatwa bila kutiwa dawa, wadudu wanaupenda mno. Moyo wa mvule ni mgumu kwao. Kinacholiwa ni ule weupe wa pembeni karibu na ganda. Kwa hiyo huenda ugonjwa uko kwenye ubao mmoja tu, nao unaondoka na ubao wake. Nenda leo, futa unga wote kwa kitambaa, rudi baada ya siku mbili. Ukikuta kilima kipya, wadudu wako hai. Ukikuta pasafi, huenda yaliyobaki ni matundu ya zamani tu. Kwa vyovyote vile chukua tochi ukague matendegu yote manne, hasa nyayo zake. Tundu dogo la mviringo lenye unga mweupe ndani likionekana kwenye tendegu lenyewe, mimi ningeliacha pendo langu hapo hapo. Kama ni mfumbati tu, muulize fundi unayemwamini mfumbati wa bambakofi au mvule uliokauka vizuri atakutengenezea kwa kiasi gani, na kiasi hicho kitoke kwenye bei.

Jambo moja ambalo wengi wanalisahau: chukua futi ya kupimia. Magodoro ya madukani kwetu yamekatwa kwa futi, 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Kitanda cha wawili cha Kitaliano kwa kawaida ni sentimita 160 kwa 190, na mafundi wetu waliowatengenezea Waitaliano walifuata godoro la mteja. Godoro la 5 kwa 6 ni kama sentimita 152 kwa 183. Utabaki na pengo la sentimita 8 ubavuni na 7 miguuni, ambamo mtoto atatia mguu usiku. La 6 kwa 6 nalo halitaingia. Dawa yake ni godoro la kukatiwa kwa oda, na hiyo ni gharama ya kuingiza kwenye hesabu tangu sasa. Pima pia urefu wa matendegu. Samadari kilichokuwa chini ya paa la makuti kinaweza kugusa dari yako ya Muyeye, na kumkata samadari kichwa ni kosa ambalo baba hakuwahi kukubali kulifanya kwa pesa yoyote.

Meza iache. Inang'aa, ni nyepesi na imefura kona: hiyo ni chipubodi, chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kuvikwa ngozi nyembamba. Maji yakishaingia haishuki tena, na jikoni kwako maji hayatakosekana. Viti sita vitazame peke yake, huenda ni vya mbao halisi. Kalia kila kimoja, egemea nyuma, kitikise. Kama ni vizima, omba vinne viuzwe bila meza.

Hicho kiti cha enzi usikiguse. Wala kwa bei ya chini, wala kwa zawadi. Viti vya enzi vya Lamu ni fahari yetu, mpingo uliotiwa vipande vya mfupa au pembe na kusukwa kwa uzi, na vingi vinavyouzwa leo ni mfupa wa ng'ombe au ngamia, kazi halali ya mafundi walio hai. Lakini aliyekunong'oneza kwamba ni pembe ya ndovu, ama anakudanganya ili apandishe bei, ama anasema kweli. Ikiwa kweli, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamshika yeyote anayekutwa na pembe bila kibali, na faini yake inahesabiwa kwa mamilioni, kifungo kwa miaka. Wewe ni mwalimu. Na akikwambia kitu chochote cha duka lile kina miaka 150 au 200, jua kwamba kwa sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale na hakitolewi nchini bila kibali. Mtu anayetangaza ukale kwa wepesi, mara nyingi anauza kazi ya juzi iliyopakwa chai.

Bei sasa. Mwenye duka wa mali kauli hana uhuru wote wa kupunguza, maana kuna kiasi alichomwahidi mwenye mali. Usimvunje moyo kwa kumtajia nusu. Muulize kitanda kimekaa siku ngapi. Marekani maduka ya namna hii huwekeana mkataba wa siku kama 60 au 90, na bei inashuka kadiri siku zinavyopita. Hapa kwetu hatuandikiani hivyo, lakini kitu kilichokaa miezi mitatu kinamla mwenye duka nafasi. Mwambie ampigie mwenyewe akiwa nawe, amweleze habari ya mfumbati na dumuzi. Mimi ningeanza na 33,000 na nisipite 37,000. Chini ya hapo utabakiwa na si pungufu ya 28,000 kwa mfumbati, godoro, gari la kubeba, na meza rahisi ya mbao nzima kwa fundi wa mtaani. Watoto hawahitaji meza ya watu sita ili kuandika hesabu. Anzeni na ndogo imara.

Mumeo mwambie kwa upole ajumlishe malipo yote ya hicho kitanda kipya mpaka mwezi wa mwisho, halafu akague chaga zake kwa mkono. Aamue baada ya hapo.

Mama mkwe ana haki. Kunguni wanakaa miezi bila kula, wanangoja kwenye viungo, matundu ya skrubu na nyufa za nakshi. Godoro la zamani usilichukue hata bure. Kabla kitanda hakijaingia ndani, kifunguliwe chote uani, tochi ipite kila tundu, mkitafuta vidoa vyeusi kama ncha za kalamu. Viungo vimwagiwe maji yanayochemka, mbao zianikwe jua kali siku mbili tatu na kugeuzwa. Mafuta ya taa msitumie. Yanabaki mbaoni na nyumba ina watoto.

Na usiende dukani peke yako. Nenda naye. Mwambie, "Mama, mimi vitanda sivijui, wewe unavijua, njoo unisaidie kukagua." Mpe tochi aishike yeye. Akikuta kunguni, mtarudi nyumbani pamoja bila kitanda na bila ugomvi. Asipokuta, yeye ndiye atakayesimama uani kusimamia maji ya moto. Niandikie baada ya Jumamosi, uniambie kile kilima cha unga kilirudi au hakikurudi.